Nambari Tasa

Baridi ile, hata wino uliganda.
Umeme ulikuja mara moja kwa juma, kama mdeni,
usiku, ukiona haya, ukaondoka.
Tulikuwa saba chumbani, makoti hadi masikioni:
sita wa Kutaisi, na mimi,
ambaye nchi iliyonilipia masomo
ilifutwa ramanini kabla sijafanya mtihani wa mwisho.

Sakafu ya mbao tulishaichoma,
kipande kwa kipande, kuanzia ofisi ya mkuu.
Ilibaki saruji, na mvuke wa pumzi zetu.

Lamara aliandika akiwa amevaa glavu.
Mbili. Tatu. Tano. Saba. Kumi na moja.
Zisizogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi zao.
Kwa lugha yao huitwa sahili.
Kwa lugha yangu huitwa tasa,
na hilo sikumwambia mtu yeyote mle,
kwa sababu Tsiala alikuwa anafagia.

Tsiala, ambaye mumewe alimrudisha kwao
baada ya miaka mitano na kitanda cha mtoto
ambacho hakijawahi kulaliwa.
Kwenye foleni ya mkate walinong'ona,
naye alisikia, akawahesabu waliomtangulia.

Ndipo Otari wa ghorofa ya chini akaingia na msumeno.
Hakubisha hodi. Si mtu mbaya; ana kitoto kinachokohoa.
"Ubao huu," akasema, akiugonga kwa kidole,
"ni mwaloni mkavu. Saa tatu za moto.
Niambieni unafanya kazi gani
nami nitarudi nilikotoka."

Zaza, mdogo wetu, akaanza: benki,
siri za majeshi, iko siku namba hizi...
"Usimdanganye jirani," Lamara akamkatiza.
"Haufanyi kazi yoyote."
Akaweka chaki chini.

Meno ya msumeno yalishagusa fremu
Tsiala aliposema, "Chukua kabati langu."
Kabati la ndoo na matambara,
msonobari mwepesi, dakika arobaini labda.
"Una wazimu?"
"Miaka kumi na tisa nafuta ubao huu.
Kila jioni nafuta katikati ya habari.
Nataka kujua inaishaje."

Otari akamtazama, akazitazama zile namba,
akajitwika kabati. Tulisikia milango yake
ikijigonga ngazini, ghorofa baada ya ghorofa.
Usiku ule, dakika arobaini zilipokwisha,
nilimsikia mtoto akikohoa.
Hilo nalo naliandika.

"Haziishi," Lamara alimwambia, akivuta kiti.
"Sema umezipata zote, umezifungia ndani.
Zizidishe pamoja, kisha ongeza moja.
Hiyo mpya, igawe kwa yoyote uliyoifungia:
inabaki moja. Daima moja, imesimama mlangoni.
Basi huko nje iko nyingine ambayo hukuijua."

Tsiala hakusema ameelewa.
Alichukua karatasi iliyofungia mkate.
Mbili mara tatu, mara tano, mara saba,
mara kumi na moja, mara kumi na tatu, na moja:
elfu thelathini na thelathini na moja.
Siku nane akaigawa, foleni nzima, penseli mdomoni,
wakinong'ona, yeye hasikii.

Jumanne akaja, hakuvua hata skafu.
"Ina wazazi," alisema. "Hamsini na tisa,
na mia tano na tisa.
Wote wawili hawakuwemo kwenye orodha yangu."

Nilitaka kumwambia wakati ule
jina walilopewa huko kwetu,
na kwamba hao hao, walioitwa tasa,
ndio wanaozaa hesabu yote;
hakuna namba kubwa, ya nyota wala ya madeni,
isiyotoka tumboni mwao.
Sikumwambia. Maneno yangu nayo yaliganda,
na msamiati wangu wa Kijojia ulikuwa wa sokoni.

Jioni alifuta ubao kama kawaida,
toka juu hadi chini, kitambaa kikavu,
na kwenye kona ya kulia
akaacha ile moja.